Baba Wahida na Mayahudi wa Juzuu la Saba

Ukimuuliza Khelef bin Mbarouk saa ngapi, hakwambii. Kwanza atakuuliza, "Saa ya wapi?" Wala hakuwa na ubaya. Jeddah ya miaka ile ilikuwa na saa ya Kiarabu inayoanza kuhesabu jua likizama, saa ya Kizungu ya mashirika, na saa ya Kiswahili tuliyoibeba vichwani kutoka Unguja. Mpaka mmekubaliana ni saa ipi, basi lako lishaondoka, na Khelef kasimama pale kituoni karidhika kabisa, kama mtu aliyekuokoa na makosa.

Ghulail nzima, mtaa wetu wa Jeddah, ilimwita Kamusi. Mkewe, Bi Jokha, mbele za watu alimwita Baba Wahida, na ndani ya nyumba alimwita majina ambayo hayamo katika kamusi yoyote.

Unguja alikuwa mwalimu wa jiografia. Baada ya mapinduzi ya sitini na nne alikuja kuhiji, na alihiji kwa utulivu mkubwa hata akasahau kurudi. Akapata kafili wa kumdhamini, akapata ikama ya kukaa nchini, akapata vyumba viwili Ghulail juu ya duka la Mhadhrami. Jokha akawa anapika visheti na mikate ya kumimina kuwauzia Wazanzibari wenzake, ambao walikuwa wakitokwa machozi kwa kukumbuka nyumbani huku wakiomba kupunguziwa.

Halafu mafuta yakapanda bei na nchi nzima ikaanza kununua. Meli zilijipanga nje ya bandari mpaka simenti ikagandia ndani ya magunia. Watu walinunua mashine wasizozijua, na walipochoka na mashine wakaanza kununua elimu. Sheikh Dhaifallah wa Riyadh alinunua ensaiklopidia. Sisemi kwamba aliikuta dukani, aliagiza itungwe. Kulikuwa na tajiri mwenzake wa Kuwait aliyetoa juzuu sita za Watu Mashuhuri wa Asia, zikawa zinakaa sebuleni kwake, na kila mgeni aliyerudi kutoka Kuwait alikuwa na neno la kusema juu ya juzuu zile. Sheikh Dhaifallah akasema zake zitakuwa saba.

(Jokha aliposikia jina la Dhaifallah alimhurumia, akidhani ni dhaifu wa Mungu. Akaelezwa kwamba maana yake ni mgeni wa Mungu. Siku alipomuona, mwili wake umejaa mlango, akasema basi Mungu anakirimu vizuri wageni wake.)

Khelef alichukuliwa Riyadh kupiga taipu na kufasiri, kwa kuwa alikuwa na Kiarabu na Kiingereza, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyekubali kufanya kazi chumba kimoja na wale madaktari wawili. Ni madaktari wa vitabu, si wa sindano. Daktari Shukri ametoka Cairo, mfupi, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukasirikia. Daktari Naji ametoka Baghdad, mrefu, mpole, mwenye kuvuta sigara mpaka makaratasi yakawa ya rangi ya chai. Walikuwa hawakubaliani hata dirisha lifunguliwe au lifungwe.

Kazi ilianza na majalada. Hivyo ndivyo mambo yalivyofanywa wakati ule: nyumba unaanza na lango, kitabu unaanza na jalada, kwani ndicho kitu wageni watakachokiona. Yalikuja kutoka Italia, ngozi ya kijani, maandishi ya dhahabu, yote saba ya unene mmoja kama matofali. Juzuu sita za mwanzo zikajazwa Waarabu, Waajemi, Waturuki, Wachina na wengineo. La saba, kwa sababu mgeni mmoja msomi alimwambia Sheikh mezani kwamba kazi kamili haibagui dini, lilikuwa limeshapigwa mhuri wa dhahabu: MAYAHUDI MASHUHURI WA ASIA.

Hapo madaktari wote wawili wakawa na shughuli. Shukri alikuwa anasahihisha Wachina. Naji alikuwa ana kifua. Siku ya kugawana kazi Khelef alikuwa ametoka kuchukua udhu, na aliporudi akakuta Mayahudi ni wake.

Alikuwa hajaanza hata ukurasa mmoja simu ilipomjia. Jokha alikuwa akipiga kutoka dukani kwa Mhadhrami, na Jokha akishika simu alisema kwa sauti ya kufika Riyadh hata bila ya waya.

"Baba Wahida! Harusi ya Wahida Alhamisi ya mwisho ya Shaaban. Watu wa Ussi wameshakubali. Na usiniulize Alhamisi ya wapi."

"Sikutaka kuuliza hivyo."

"Ulitaka. Skiza. Wewe ndiye walii wa kumuozesha. Ukikosekana, Bwana Muhsin atasema tumemdharau."

Bwana Muhsin alikuwa ami yake Ussi, ndiye aliyemlea, karani wa ghala pale Balad, Jeddah mjini, na mtu wa kutafuta sababu. Hata biriani akiletewa alikuwa anaichambua kama anayetafuta kitu kilichopotea.

"Tukisogeza tarehe?" akauliza Khelef.

"Tusogeze wapi? Baada ya Ramadhani Ussi anahamishwa Dammam, na Bwana Muhsin keshasema kijana wake hangojeshwi. Kuna watu wengine wanamtaka Ussi. Wana binti na wana feni ya darini."

"Nikimpa mtu wakala aniozeshee?"

Jokha akasema polepole, "Una mtoto mmoja. Umemwita Wahida, wa pekee, mwenyewe, kwa mkono wako. Nani umpe wakala, Mhadhrami wa duka?"

Mhadhrami wa duka alisikika akisema yeye yuko tayari.

Siku zile mgeni hawezi kutoka mji mmoja kwenda mwingine bila ya karatasi ya kafili wake. Khelef akamwendea Sheikh Dhaifallah, akakaa ukingoni mwa kochi, akaeleza. Sheikh akafurahi sana. Alikuwa mtu wa moyo, na alipenda harusi za watu.

"Binti! Mabruki, ya Zinjibari! Juzuu la saba limekwisha?"

"Bado, bosi."

"Likwishe. Jalada likijaa, ruhusa unayo na zawadi juu. Jalada tupu, mafi, hakuna ruhusa. Wageni wanakuja kuliona mwanzo wa Ramadhani."

Basi Khelef akafanya kazi kama hajawahi kufanya. Akapekua vitabu, akauliza watu, akapiga taipu mpaka vidole vikafa ganzi, na katika wiki moja akaweka mezani kwa madaktari orodha safi: mfanyabiashara wa pamba wa Bombay, mwenye viwanda, mkuu wa wauza pilipili manga wa Kochi, mwanamke aliyecheza filamu za Bombay wakati filamu hazijaanza kusema, hakimu wa Puna, mwanajeshi wa Kalkuta aliyejenga shule, na wenzao wachache.

Daktari Naji akasoma mpaka mwisho, akageuza karatasi kutazama nyuma.

"Ya Khelef, hawa wote Wahindi."

"Ndiyo, daktari."

"Na wengine?"

"Wengine wepi?"

"Wa Baghdad! Wa Sanaa! Wa Halab, wa Bukhara, wa Isfahan!"

"Wale si Waasia," akasema Khelef, kwa upole wa mwalimu.

Hapa lazima tumtetee. Kwetu Unguja, na bara kote mpaka Nairobi, serikali ya Mwingereza iligawa watu kama mtu anayegawa nazi: Waafrika hapa, Waarabu pale, Wazungu juu, na Waasia, yaani Wahindi, dukani. Hospitali ilikuwa na wodi ya Waasia, na ukiingia ndani hukuti Mchina wala Mturuki. Unakuta kina Patel wameletewa chapati. Khelef alisomesha bara la Asia kwa ramani miaka kumi, akaonyesha mito yake na milima yake, lakini bara lilikuwa kitu kimoja na Mwasia kitu kingine, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuliza.

"Baghdad haiko Asia?" akauliza Shukri, akibadilisha miwani.

"Iko Asia."

"Na watu wake?"

"Waarabu."

"Na Waarabu ni wa bara gani?"

Khelef akafikiri. "Waarabu hawana bara," akasema. "Wana nchi."

Daktari Naji alikohoa mpaka akatoka nje. Shukri akatoa kalamu nyekundu, akasema huyu mtu wenu ni hatari kwa elimu, na kesi ikapelekwa kwa Sheikh.

Sheikh Dhaifallah alisikiliza huku akizungusha kikombe cha kahawa. Shukri akaeleza kwamba kwa mujibu wa jiografia kila aliyezaliwa kuanzia Bahari ya Sham mpaka Japani ni Mwasia, Mwarabu na asiyekuwa Mwarabu, wakiwemo waliohudhuria hapa.

"Nani?" akauliza Sheikh.

"Sisi. Yaani nyinyi. Wewe, Mungu akupe umri."

Sheikh akacheka, halafu akaacha kucheka. Akainuka, akaenda dirishani, akamwita Shukri kwa kidole. Chini barabarani Wakorea na Wapakistani walikuwa wakimwaga lami juani.

"Asiawi, Waasia wako, ndio wale pale," akasema. "Wana kofia za manjano. Mimi unaniona nina kofia ya manjano?"

"Lakini jiografia, Sheikh..."

"Jiografia ni ya watu wasiojua kwao. Zinjibari amesema kweli. Mwarabu ni Mwarabu."

Khelef alitoka pale kashinda, na furaha yake ilidumu mpaka alipofika mezani. Wahindi wake wote, akiwapigia taipu kwa nafasi mbili na kuwaachia ukingo mpana, walijaza jalada kiasi cha kitabu cha mtoto wa chuoni. Alipolisimamisha, jalada lilijikunja tumbo na kuanguka. Shaaban ilikuwa imefika nusu.

"Umeshinda nini sasa?" Jokha aliuliza kwenye simu. "Nakwambia Bwana Muhsin kapita hapa jana. Kauliza baba wa bibi harusi yuko wapi. Nikamwambia yuko Riyadh anahesabu Mayahudi. Kauliza, kawapoteza wapi?"

"Mama Wahida, hawatoshi."

"Mitume mmewatia?"

"Mitume hawaguswi. Hata hawa madaktari wamekubaliana kwa hilo tu. Mitume wako juu ya juzuu zote."

"Vyema. Na Nabii Musa hata hivyo kazaliwa Misri, na Misri iko Afrika. Mwenzetu yule." Akavuta pumzi. "Sasa huyo Sheikh wako, babu yake yumo katika hicho kitabu?"

"Yumo. Juzuu la kwanza, mwanzo kabisa, na picha ya ngamia wake."

"Kitabu kinaitwaje?"

"Watu Mashuhuri wa Asia."

"Baba Wahida, upo?"

"Nipo," akasema Khelef. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Basi kamuulize. Kwa adabu. Na akikujibu, nyamaza."

Kesho yake Khelef akaingia kwa Sheikh na juzuu la kwanza kwapani na kalamu nyekundu ya Shukri sikioni. Akasema samahani kwa kusumbua, alikuwa anataka ruhusa kidogo tu ya kuanza kufuta.

"Kufuta nini?"

"Waarabu, bosi. Kwa kuwa si Waasia, hawawezi kubaki humu. Nilikuwa nafikiri nianze kwa mpangilio." Akafungua kitabu. "Na marehemu babu yako."

Sheikh alitazama picha ya ngamia. Kahawa ikapoa. Mwenye kumimina kahawa alikuja na birika, akaona hali, akarudi nalo.

"Babu yangu," akasema Sheikh hatimaye, polepole, kama mtu anayekiri kwamba babu yake alikuwa anakoroma, "alikuwa Mwasia."

"Mungu amrehemu."

"Baba yangu pia. Mimi..." Akatazama dirishani, akatazama kofia za manjano. "Mimi tuniachie kwanza. Lakini wewe, yalla, andika: aliyezaliwa Asia, aliyekufia Asia, na aliyepita njia akanywa maji, wote watie. Sitaki kuona jalada limelala."

Khelef alikuwa na swali juu ya maji, kama chai inahesabiwa. Akakumbuka maneno ya mkewe, akanyamaza.

Madaktari, walipoona mlango umefunguliwa, kifua kikapona na Wachina wakasahihika. Kila mmoja akaja na watu wake. Ugomvi wa Asia ukaisha ukaanza wa kila kitu kingine. Kulikuwa na tabibu wa zamani wa Bukhara aliyesilimu uzeeni: Shukri akasema anahamia kwa Waislamu, juzuu la kwanza, Naji akasema si haki, vitabu vyake vyote aliviandika kabla. Wakakubaliana aandikwe mpaka miaka sitini, halafu chini iandikwe "endelea juzuu la kwanza." Kulikuwa na mwenye benki wa Istanbul, nyumba yake upande wa Ulaya na ofisi yake ng'ambo ya pili. Shukri akasema huyo mchana Mwasia, usiku Mzungu. Khelef akauliza alikufa saa ngapi. Ikawa alikufa mchana, akaingia. Kulikuwa na mshairi wa Sanaa ambaye jirani zake wote walisema mashairi yale ni yao. Akaingia na jirani zake.

Jalada likaanza kusimama lenyewe. Likabaki pengo la kidole kimoja hivi, na kwa pengo hilo Daktari Naji alikuwa na mtu wake.

"Ezra," akasema. "Mpiga kanuni ya nyuzi. Baghdad."

Shukri akageuza makaratasi. "Simuoni popote."

"Humuoni kwa sababu hakuwahi kurekodi sahani. Alikuwa jirani yetu. Alipiga siku niliyotiwa tohara."

"Kwa hivyo ni mashuhuri kwa kuwa ulilia?"

Naji hakucheka. "Alikuwa akifungua dirisha la juu saa za alasiri, na soko zima la chini linapunguza sauti. Wauza samaki, ya Shukri! Umewahi kumsikia muuza samaki anapunguza sauti? Mwaka wa hamsini na moja Mayahudi wakaondoka wote, kila mtu na sanduku moja. Kanuni hawakumruhusu. Ilibaki kwetu. Mama bado anaifuta vumbi." Akawasha sigara juu ya sigara iliyokuwa inawaka. "Kama mtu huyu si mashuhuri, mimi neno hilo silijui maana yake."

Kwa kawaida hapo Khelef angeuliza: mashuhuri kwa nani, na kwa kipimo gani? Swali lilimfika ulimini. Lakini lilikaa pale pale.

Shukri alivua miwani ya kukasirikia, akaipangusa muda mrefu. "Ukurasa mmoja," akasema.

"Miwili."

"Mmoja na nusu, na ile habari ya wauza samaki uiandike vizuri."

"Piga, ya Khelef," akasema Naji, akageukia dirisha.

Jumatatu ya wiki ya harusi jalada lilikuwa limejaa. Wakalipeleka kwa Sheikh, akalipiga kofi mgongoni kama farasi, likastahimili. Halafu akaonyesha kidole chini ya ile anwani ya dhahabu. Palikuwa pameachwa nafasi ya mstari mmoja.

"Hapa jina la mkusanyaji. Nani?"

Daktari Shukri akasema yeye cheo chake Cairo kinamngoja, na cheo hakipendi maelezo marefu. Daktari Naji akasema yeye ana mama Baghdad, na hakuongeza kitu. Sheikh akasema yeye ni mtoaji tu, kazi yake kutoa. Wote watatu wakamtazama Khelef.

"Na wewe," akauliza Sheikh, "una nini?"

"Mimi nina harusi," akasema Khelef.

"Halas. Wewe ndiye."

Fundi wa kujalidi alikuwa Mpakistani aitwaye Ghulam, mwenye karakana nyuma ya soko. Akapima mstari kwa kamba, akatikisa kichwa. Akasema "kimekusanywa na" pamoja na jina haviingii. Ama jina, ama "kimekusanywa na," mafi nafasi. Mtu yeyote anayemjua Khelef angekuambia kwamba hapo ndipo mahali pa kukaa kitako na kujadiliana mpaka Ramadhani. Khelef akatazama kalenda ya ukutani, ya duka la matairi.

"Jina tu," akasema.

Ghulam akapiga mhuri. Na kwa kuwa Sheikh alikuwa mtu wa ahadi, alitoa karatasi ya ruhusa, akatoa na zawadi: ile nakala ya kwanza yenyewe, imefungwa kwa hariri, kwa bibi harusi. Akasema atajipigia nyingine kabla wageni hawajafika. Khelef hakuweza kukataa. Akapanda basi na Mayahudi wake mapajani, jangwa zima mpaka Jeddah.

Alifika Ghulail Alhamisi baada ya alasiri, kajaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Wanaume walikuwa wameshakaa chumba cha mbele, wanawake nyuma ya pazia, na ubani ulikuwa mwingi kiasi cha kumtafuta mtu kwa sauti. Jokha akampokea mlangoni, akamtazama juu mpaka chini.

"Umekuja."

"Nimekuja, kwa maana ya..."

"Kaoge."

Alipokuwa anaoga ndipo Bwana Muhsin alipoliona furushi la hariri. Yeye hakuwahi kuona zawadi ya tajiri wa Riyadh, na alitaka kujua kijana wake anaingia nyumba ya namna gani. Akafungua. Ngozi ya kijani ikang'ara chumba kizima. Akavaa miwani, akaanza kusoma jalada kwa sauti, neno baada ya neno, kama alivyokuwa akisoma mizigo ghalani.

"Mayahudi. Mashuhuri. Wa Asia." Akashuka mstari. "Khelef bin Mbarouk Zinjibari."

Ussi, bwana harusi, kijana wa kuendesha winchi bandarini, alianza kutoka jasho chini ya kilemba.

Khelef akaingia kavaa kanzu yake nyeupe, nywele maji. Bwana Muhsin akamgeuzia jalada.

"Bwana Khelef. Mbona hatukuambiwa?"

"Hamkuambiwa nini?"

"Haya. Jina lako hili hapa, na juu yake wewe ni nani. Si kwamba ni vibaya! Sisemi vibaya. Lakini mtu huambiwa."

Maalim Burhani, aliyekuja kufungisha ndoa, mzee wa Makunduchi asiyependa kucheleweshwa, akanyoosha mkono akalisoma na yeye. "Hata kama ni kweli, Bwana Muhsin," akasema, "Muislamu ni Muislamu. Bibi Safiya, mama wa waumini, alikuwa wa kizazi cha Nabii Harun. Wewe wa kizazi cha nani?"

"Cha pale Fumba," akasema Bwana Muhsin, kwa sauti ndogo.

Pazia likatikisika. "Bwana Muhsin!" ilikuwa sauti ya Jokha. "Myahudi, watu wa Mitume hao, haidhuru. Mwasia, hata Sheikh wa Riyadh keshakubali babu yake Mwasia. Lakini mashuhuri? Huyu? Nimekaa naye miaka ishirini. Mashuhuri wapi?"

Wanawake wakaangua kicheko nyuma ya pazia, na cha Wahida kilisikika ndani yake, chembamba, kimejawa na wasiwasi. Bwana Muhsin hakucheka. Alikuwa anapitisha kidole juu ya maandishi, akiyasikia yalivyozama katika ngozi.

"Lakini hii ni dhahabu," akasema, zaidi kujiambia. "Mtu hatiwi dhahabu hivi hivi." Akamwinulia macho Khelef. Sauti ilikuwa na heshima ambayo haikuwepo mwanzo, na heshima ile ilikuwa bado inangoja jibu. "Nijibu moja tu. Umo katika kitabu hiki au humo? Ndiyo au siyo?"

Ghulail nzima iliyokuwa chumbani ilijua kitakachotokea. Maalim Burhani akatazama jua lilikofika ukutani. Mzee mmoja akaegemea mto kabisa, tayari kwa safari. Maana maelezo yalikuwepo, na ya kweli yote: kuna mkusanyaji na kuna mkusanywaji, kuna nafasi ya mstari mmoja, kuna fundi Ghulam na kamba yake, kuna kuwemo juu ya kitabu na kuwemo ndani ya kitabu, na yote hayo yangefika salama mwisho wake baada ya isha, wakati Bwana Muhsin keshapata sababu tatu nyingine.

Khelef akafungua mdomo. Akamwona Ussi.

"Nimo," akasema. "Jina langu limo."

"Basi," akasema Bwana Muhsin. Akalipakata lile juzuu, akakunja miguu vizuri, kama mtu aliyepandishwa daraja. "Basi tuendelee, Maalim. Tunaoa kwa watu wakubwa." Na jirani yake alipotaka kulishika akamwondoa mkono, kisha akamuinamia akamnong'oneza, "Hivi Asia ndiyo wapi hasa?"

Maalim Burhani akamwita Khelef mbele, akawashikanisha mikono, yeye na Ussi, dole gumba kwa dole gumba. Khelef akasema anamuoza binti yake, bila ya kuuliza kitu. Sauti ilimkatika kwenye jina la Wahida. Akarudi nyuma akalisema tena, na Ussi akasema amekubali kabla jina halijafika mwisho, mpaka Maalim akamwambia angoje zamu yake.